Chanya Kwenye Bodi

Nilipofungua mlango wa stoo Ijumaa ile mchana, kitu cha kwanza kunipokea ilikuwa harufu ya plastiki iliyoungua. Cha pili, licha ya kelele za uani, kilikuwa ukimya wa mashine. Mashine ya kutotolesha vifaranga haitakiwi kunyamaza. Ina feni ndogo inayozunguka mchana na usiku, na nilikuwa nimeizoea kama mtu anavyozoea pumzi za anayelala naye chumba kimoja. Niliweka kiganja kwenye kioo. Baridi. Kipimajoto kilisoma nyuzi ishirini na tisa, wakati kilitakiwa kisome thelathini na saba na ushee.

Humo ndani mlikuwa na mayai tisini, na hakuna hata moja lililokuwa langu. Yalikuwa ya akina mama wa jumuiya yetu hapa Izia, Sumbawanga, kila yai limeandikwa jina la mwenyewe kwa penseli, na yalitarajiwa kuanguliwa Jumapili.

"Baba Faith!" niliita.

Hakuna aliyejibu, kwa sababu uani kulikuwa na Landrova inanguruma na wanaume watatu wanaishangilia.

Nieleze kwanza habari ya mayai, mtu asije akadhani mimi ni mwanamke wa kelele tu. Nina diploma ya mifugo. Nimezaliwa Tukuyu, nimeolewa Ufipa, na kazi yangu ni ugani: kufundisha watu ufugaji na kuwapelekea chanjo ya mdondo kabla kuku wao hawajaanza kudondoka mmoja mmoja. Najua kuku wa kienyeji akiachiwa aatamie mwenyewe, mwewe, paka na baridi ya huku juu vitachukua nusu ya vifaranga kabla hawajaota manyoya. Kwa hiyo nilinunua mashine, nikafunga sola juu ya paa, nikaweka betri na kontrola yake kwenye stendi ya chuma. Kisha nikakaa na mashine tupu, kwa sababu hakuna mama aliyekubali kunipa yai hata moja.

Aliyeongoza upinzani alikuwa Mama Bertilla, mwenyekiti wa jumuiya. "Kifaranga aliyezaliwa na sanduku atamfuata nani?" aliniuliza mbele ya wote baada ya sala. "Atalifuata sanduku?" Wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi kwa ncha za vitenge.

Nilizunguka nyumba hadi nyumba. Nilieleza, nikaeleza tena. Mwishowe walikubali, na Mama Bertilla mwenyewe alileta mayai yake, akawa ananiwekea mkononi moja moja kama mzazi anayekabidhi watoto bwenini. Alipomaliza alisema, "Haya yakiharibika, Mama Faith, usije tena kutufundisha kitu. Hata hiyo chanjo yako ubaki nayo." Hakuwa anatania. Mama Bertilla akifunga mlango wake, mtaa mzima unafunga, na mdondo haubishi hodi. Hilo ndilo nililokuwa nikiliwaza pale stoo.

Sasa hiyo Landrova.

Ni ya mwaka sitini na mbili. Ilikuwa ya misheni. Mapadri walipoichoka waliiacha chini ya mkaratusi, na mume wangu Vitus, mwalimu wa fizikia, mtu mwenye akili timamu katika mambo mengine yote, akaenda kuiomba. Anaiita Mzee. Anaiamkia. Sisemi kwa mfano: asubuhi akipita kwenda shule anagonga boneti kwa vidole viwili na kusema, "Shikamoo, Mzee," halafu anasubiri kidogo.

Ana kamati yake. Kuna Gaudensi, mchomeleaji wa barabara ya chini, na kuna mzee Oswaldi, dereva mstaafu aliyeendesha magari ya namna hiyo alipokuwa kijana na hajawahi kusamehe gari lolote lililotengenezwa baadaye. Wanakuja, wanachutama, wanachungulia chini ya injini. Gari linavuja oili, na chini yake wameweka kikaango changu. "Leo Mzee amekojoa vizuri," Gaudensi husema. Siku kikaango kikiwa kikavu ndipo wanaingiwa na hofu na kuanza kufungua vitu. Boliti zake nyingine hazikubali spana za milimita wala spana za inchi wanazouza mjini. Zina kipimo chao zenyewe, na spana zake Vitus amezifunga katika kitenge changu cha maua ya bluu, ambacho kwa miaka niliamini nimeibiwa kambani. Waipa zina kishikio kwa ndani, ili mota ikichoka dereva aendelee kufuta kioo kwa mkono huku akiendesha kwa mkono mwingine.

"Unajua kwa nini bodi yake haishiki kutu?" Vitus humwuliza kila mgeni kabla mgeni hajakaa. "Aluminiamu. Waingereza walitoka vitani hawana chuma."

"Wangekuja kwetu," mzee Oswaldi hujibu kila mara. "Babu zetu Wafipa walikuwa wanayeyusha chuma kwenye matanuru hapa hapa juu."

"Aluminiamu, yaani sufuria," nami husema kila mara, na kila mara wananitazama kama nimetukana kanisani.

Lakini kituko kikubwa kuliko vyote ni betri. Magari yote ninayoyajua, Noah, Hiace, hata pikipiki, hasi ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi. Kwa Mzee ni kinyume. Chanya ndiyo inashika bodi. Vitus ana somo zima juu ya jambo hili.

"Waingereza waliona nyaya haziliwi haraka, chanya ikiwa kwenye bodi."

"Na baadaye?"

"Baadaye wakaacha."

"Kwa nini waliacha?"

"Kwa sababu dunia nzima ilikuwa inafanya vingine."

"Basi walikuwa wamekosea."

"Hawakukosea, Mama Faith. Walikuwa peke yao."

Haya, Jumamosi, yaani kesho yake, alikuwa anakuja mgeni. Anaitwa Calvin, anakaa Mbala, upande wa Zambia, na ana Landrova kama hiyo hiyo. Walifahamiana kwenye grupu la simu la watu wenye ugonjwa huo. Angepita mpaka wa Kasesya na gari lake, amletee Vitus kipuri fulani cha kugawa moto kwenye plagi, na amsikie Mzee. Maana Vitus alikuwa amejigamba kwenye grupu, mbele ya watu wa nchi tatu, kwamba Mzee wake anawaka kwa mzunguko mmoja tu wa hendeli. Hakuwaambia kwamba betri ya Mzee ilikufa tangu Pasaka.

Nadhani unaona tunakoelekea. Mimi sikuona. Asubuhi ile nilikuwa kijijini nachanja kuku.

Nilitoka uani. Gaudensi alikuwa amekaa kwenye usukani anakanyaga mafuta. Mzee Oswaldi alikuwa amefumba macho, anasikiliza injini kama mtu anayesikiliza kwaya. Vitus alikuwa amesimama mbele, mashavu yamekolea masizi, anang'aa kwa furaha.

"Shikamoo, mzee Oswaldi. Baba Faith, betri uliyowashia umeitoa wapi?"

Gaudensi akapata kitu cha kutazama kwenye dashibodi.

"Dakika kumi tu, Mama Faith," alisema Vitus. "Nilitaka kujaribu kabla ya kesho. Tumewasha, nikaitoa pale pale nikairudisha. Angalia, sasa anakwenda bila betri, dainamo inambeba! Gari gani la siku hizi..."

"Umeirudisha vipi?"

"Vizuri. Nimefunga mwenyewe, nimekaza. Waya unaoshika chuma nimeuweka kwenye..."

Nilimwona anaitazama mikono yake.

"Kwenye nini, Baba Faith?"

"Kwenye chanya," alisema polepole.

Stoo haina dirisha. Nyaya zote mbili za sola zimechakaa na kuwa rangi moja ya vumbi, na ule wa hasi umefungwa kwenye stendi ya chuma. Yeye aliona waya unaoshika chuma, na vidole vyake vikaupeleka chanya vyenyewe, kama vinavyofanya kwa Mzee kila siku. Hakuna mtu mwingine Sumbawanga nzima ambaye vidole vyake vingefanya hivyo. Kontrola iliungua, na ubao wa saketi za mashine ukaungua nayo, wakati yeye yuko nje anashangilia.

"Mwalimu wa fizikia," nilisema.

"Kitaalamu ni kosa ambalo mtu yeyote mwenye..."

"Usiniletee kitaalamu. Mayai ya watu yana baridi."

Nilimpigia fundi wa sola mjini. Akasema kontrola anaweza kupata, lakini ubao wa mashine lazima utoke Mbeya, labda Jumanne. Mayai hayasubiri Jumanne. Kifaranga aliyekaribia kutoka anavumilia baridi saa chache, si siku nne, na ilikuwa Julai, upepo unakata masikio.

Nilipokata simu, kamati ilikuwa imeshakaa kikao.

"Tumepata suluhisho," alisema Vitus, na macho yalikuwa yamerudi kung'aa, jambo ambalo lilinitia hofu zaidi. "Mzee huchemsha maji. Si unajua anavyochemka kwenye milima? Tunachukua bomba la rejeta, Gaudensi anachomelea kiungo, tunapitisha maji ya moto chini ya mashine, yanarudi kwenye injini. Mzunguko kamili!"

"Nina bomba la nusu inchi pale gereji," Gaudensi alisema. "Nusu saa tu, shemeji."

"Na mafuta?" aliuliza mzee Oswaldi kwa uzito. "Atakula galoni ngapi mpaka Jumapili?"

Niliwatazama wote watatu.

"Maji," nilisema, "yanachemka pia kwenye sufuria."

Nikamwagiza Vitus awashe majiko mawili ya mkaa. Nikabandika sufuria, nikajaza chupa maji ya moto, nikazifunga kwa vitambaa na kuzipanga ndani ya mashine kando ya trei. Kipimajoto kikapanda hadi thelathini na tano, kikakaa kidogo, kikaanza kushuka. Upande mmoja mayai yalikuwa ya moto kupita kiasi, upande mwingine baridi. Niliinua yai moja nikaliweka sikioni. Ndani kulikuwa na mgongano mdogo, kama kucha kwenye meza. Walikuwa hai. Nilijua pia kwamba kwa chupa zile siwezi kuwafikisha Jumapili.

Ndipo Mama Bertilla akaingia, kwa sababu mtu unayemwogopa ana kawaida ya kuingia wakati huo. Alikuwa amevaa sweta mbili na kofia ya sufu. Akasimama uani akawatazama wanaume watatu wanapepea mkaa kwa vipande vya boksi.

"Mnachoma mahindi?" aliuliza.

Ningeweza kumdanganya. Vitus alinitazama kwa macho ya kunisihi nimdanganye. Lakini mimi si hodari wa uongo, na isitoshe ndani ya mashine ile mlikuwa na jina lake kwenye mayai kumi na tano.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Mashine imeungua. Mume wangu amefunga betri kinyume kwa sababu ya Landrova. Mayai bado hai, lakini joto halitoshi, na sijui kama nitayafikisha."

Aliingia stoo, akagusa kioo, akatoka. Kisha akasema maneno machache kwa Kifipa, ambacho anaamini mpaka leo sikielewi. Mzee Oswaldi akakohoa kuficha kicheko.

"Sanduku," alisema Mama Bertilla kwa Kiswahili sasa. "Nilisema sanduku. Sikusema?"

"Ulisema."

"Na kuku wetu je? Tangu tukupe mayai wameatamia hewa. Wangu amekaa kwenye kapu tupu jikoni, hali, ananidonoa nikipita. Wa Avelina hivyo hivyo. Wa nyumba ya pembeni hivyo hivyo. Wewe ulitwambia nini?"

Niliwaambia wawachovye kwenye maji baridi ili waache. Ndiyo ushauri wa kitaalamu.

"Mliwachovya?" niliuliza, na safari hii nilitamani sana asiwe amenisikiliza.

"Nimchovye kuku wangu kwenye maji, Julai hii?" Alinitazama kama nimemwambia amchovye mjukuu. "Nani amefanya hivyo! Hakuna."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna aliyekusikiliza, Mama Faith."

Sijawahi kufurahi kiasi kile kudharauliwa. Kuku mwenye hamu ya kuatamia hukubali yai la mtu yeyote, na kuku mmoja anafunika mayai kumi na mbili, kumi na tatu. Tulihitaji kuku saba. Mama Bertilla alihesabu kwa vidole, nyumba kwa nyumba, akapata saba na mmoja wa akiba.

"Tuwalete kabla baridi ya jioni haijashuka," alisema. "Lakini kwa usafiri gani?"

Bodaboda ingewatikisa na upepo ungewapiga. Noah za stendi siku ya Ijumaa zimejaa abiria. Sote tukageuka kulitazama lile gari, ambalo Gaudensi, kwa kuwa alikuwa ameitwa kupepea mkaa, alikuwa ameliacha likazima.

"Litawaka?" aliuliza Mama Bertilla.

"Bila betri, hapana," Vitus alijibu kwa sauti ndogo.

Niliingia stoo, nikafungua betri yangu, nikaja kuitua miguuni kwake. "Chukua. Chanya kwenye bodi, si ndiyo?"

"Ndiyo," alisema.

"Fanya sasa unavyojua kufanya."

Nikawaachia mzee Oswaldi na Gaudensi mayai na chupa za maji ya moto, nikawaambia nikirudi nikikuta kipimajoto kimeshuka nitakipiga mnada kile kitenge cha spana pamoja na spana zake.

Vitus alizungusha hendeli. Nakiri ilikuwa mzunguko mmoja. Mama Bertilla alikaa mbele, akatafuta kishikio cha kufungia mlango, akapewa kamba. Mimi nilikaa nyuma kwenye sanduku lile la bati lisilo na dirisha, katikati ya maboksi yenye majani makavu.

Kuhusu safari ile sitasema mengi. Gia ya kwanza inalia kama mbuzi isipokanyagiwa klachi mara mbili, na Vitus kila alipoikanyaga vizuri aligeuka kumweleza Mama Bertilla kwa nini. "Tazama mbele, Mwalimu," alikuwa akimjibu. Kila nyumba tulisimama bila kuzima. Mama Bertilla alishuka, akaingia jikoni kwa watu bila kubisha, akatoka na kuku amefunikwa kanga, anamnong'oneza. Alinipitishia, nami nikamweka kwenye boksi lake gizani. Avelina alitaka kujua kuna nini. "Mashine imeomba msaada kwa kuku," Mama Bertilla alimwambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Tulirudi uani na kuku wanane. Kipimajoto kilikuwa thelathini na nne. Gaudensi alikuwa amelowa jasho kwenye baridi ile. Nilimbeba kuku wa kwanza, kuku mwekundu wa Mama Bertilla, nikampeleka stoo kwenye kapu lililotandikwa. Alisimama. Akatazama kuta. Akatoka mbio akapanda juu ya mifuko ya pumba akipiga kelele za kuuawa. Wa pili akafanya vile vile. Nilipowarudisha garini, kwenye giza na uvuguvugu wa injini uliopanda kupitia sakafu ya bati, walijikunja kwenye maboksi yao na kukaa kimya kama watawa.

Nilimjaribu wa tatu. Mambo yale yale.

Mama Bertilla alikunja mikono. "Wamechagua," alisema.

"Haiwezekani," alisema Vitus. Alishaelewa. "Mama Faith, kesho Calvin anakuja. Amefunga safari kutoka Mbala."

"Mayai yanaingia garini."

"Anakuja kumsikia Mzee akiwaka!"

"Kuku anayeatamia akitikiswa anaacha mayai. Gari hili haliwashwi, halisukumwi, halifunguliwi boneti mpaka vifaranga watoke. Na usiligonge kuliamkia."

"Nimewaambia watu wote kwenye grupu."

"Na mimi nimewaambia akina mama wote wa jumuiya," nilisema. "Chagua grupu."

Alisimama pale na hendeli mkononi, masizi mashavuni, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwonea huruma, ingawa si sana. Kisha akaweka hendeli chini. Akaanza kunipokeza mayai, mawili mawili, akisoma majina kwa sauti ili nijue nani anapata wa nani, na nami nikayasukuma chini ya matumbo ya kuku kwa mkono uliopashwa moto. Hakuvunja hata moja. Tulipomaliza alivua koti lake la shule, lile zuri, akaziba nalo upenyo wa mlango wa nyuma, maana milango ya gari lile haijawahi kufunga sawasawa tangu ilipotoka kiwandani, na hilo anasema pia ni sifa.

Calvin alifika Jumamosi kabla ya chakula cha mchana, na tulimsikia tangu barabara kuu. Mtu mnene, mpole, Kiswahili chake cha mpakani, ana kikaango chake mwenyewe cha kuweka chini ya gari akisimama ugenini. Vitus alikimbia kumwambia azime gari mbali na geti.

"Mgonjwa?" aliuliza Calvin, akiona watu wananyata uani.

"Wazazi," nilimjibu. "Karibu sana. Ongea polepole."

Saa tatu nzima wanaume wanne walilichunguza gari lisilowaka, kwa minong'ono. Walilala chali chini yake wakaonyeshana matone. Hawakugusa kitu. Kila mara kuku mmoja alipokoroma ndani, wote walinyamaza na kukaa kama wameitwa na mwalimu mkuu. Calvin alipoondoka alinishika mkono kwa mikono miwili. "Dada," alisema, "Mzee wenu ni mtulivu kuliko wote niliowahi kuwaona." Nilimfungia viazi vya kuchemsha vya njiani.

Jumapili watu walipotoka misa walikuja moja kwa moja kwetu. Uani palijaa vitenge. Nilifungua mlango wa nyuma kidogo, nikaingiza kichwa. Kulikuwa na sauti ile, ndogo, nyingi, kama mvua ya kwanza kwenye majani. Kati ya mayai tisini walitoka vifaranga sabini na nane, na kwa mashine iliyopoa vile mimi mwenyewe nisingeandika ripoti yenye namba hiyo bila kuogopa kuitwa mwongo. Mama Bertilla alimtoa kuku wake mwekundu na watoto wake kwenye boksi, akawatua chini juani, na vifaranga wakamfuata kwa mstari.

"Ona," aliwaambia wenzake. "Wana mama."

"Na chanjo?" nilimwuliza.

Alinitazama chini ya kofia ya sufu. "Lini?"

"Wiki ijayo."

"Njoo asubuhi," alisema. "Nitawaambia wote wafungie kuku ndani mpaka ufike. Ulinieleza ukweli siku ile, Mama Faith, ningeusikia kwa mtu mwingine ningekufukuza mtaani."

Ningependa kuishia hapo. Lakini Jumatano ubao wa mashine ulifika kutoka Mbeya, pamoja na kontrola mpya ya fundi wa mjini. Nilivifunga mwenyewe, hasi kwenye stendi, chanya kwenye chanya, kisha nikaingiza kiti stoo, nikakaa nusu saa nasikiliza feni inazunguka. Thelathini na saba na ushee. Ilikuwa safi. Nikatuma ujumbe kwa akina mama kwamba mashine imepona na mayai yaletwe.

Yaliletwa. Avelina alikuja wa kwanza, na kapu la mayai mkono mmoja na kuku mwingine kwapani. Nikampokea kapu, nikaelekea stoo.

"Unakwenda wapi nayo?" aliuliza.

"Kwenye mashine."

"Hapana, hapana." Alishaanza kuvuta mlango wa nyuma wa Landrova. "Mimi naomba kwa Mzee."

Nyuma yake walikuwa wengine wawili, kila mmoja na kuku wake. Niliwaeleza. Nilieleza joto, nikaeleza unyevu, nikaeleza kwamba gari ni bati tu na lililotoa vifaranga ni kuku, na kwamba kuku wangeweza kukaa popote penye giza. Walinisikiliza kwa heshima, kama wanavyonisikiliza siku hizi. Kisha wakaingiza kuku wao garini.

Vitus alirudi kutoka shule akawakuta wanatandika majani. Siku hiyo alikuwa amenunua betri mpya, yake mwenyewe, ameibeba begani tangu mjini.

"Jamani, akina mama," alisema, "Jumamosi nataka kumwasha. Nimewaahidi watu Mbala nitawatumia video."

"Mwalimu," alisema Avelina bila kugeuka, "kuku ameshakaa."

Alinitazama mimi nimtetee. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa stoo, mashine yangu inanguruma nyuma yangu, nzima, tupu.

"Wiki tatu," nilimwambia. "Na hiyo betri iache hapo nje. Usije ukaingia nayo humu."